Macho ya Zamani, Kerneli Mpya

Macho ya Sekela Mwaisumo yalizimika Jumatatu asubuhi, akiwa katikati ya kumsuka binti yake nywele. Hakupata maumivu wala onyo. Kichwa cha Tusa kilikuwa mbele yake, na mstari wa utosi na kitana cha mbao, halafu hakikuwepo tena. Vidole vyake viliendelea kusuka kidogo kwa mazoea, kabla akili haijaelewa.

Tusa alikuwa na miaka saba, na hakuwa akisikia tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa bado ananyonya. Aligeuka kumuuliza mama yake kwa nini ameacha. Aliuliza kwa mikono, kama walivyozoea kuongea siku zote. Sekela alihisi tu upepo mdogo ukipita karibu na uso wake. Mtoto akauliza tena. Alipoona hajibiwi akaanza kulia, na kilio hicho Sekela alikisikia vizuri. Akamvuta kifuani, lakini hakuwa na njia ya kumwambia kilichotokea.

Kliniki ya macho ya Tukuyu ilikuwa na fundi mmoja wa mifumo, Ipyana Mwandemele, naye alijua siku hiyo inakuja. Alikuwa akiijua tangu mvua za masika zianze. Alipomwona Sekela anaingizwa na wifi yake, ameshikwa kiwiko, na Tusa nyuma yao ameng'ang'ania kanga ya mama, aliinuka akavuta kiti.

"Kaka Ipyana, upo?" Sekela aliuliza.

"Nipo, Mama Tusa. Kaa hapa."

"Yamezimika."

"Najua. Yamezimika ya wote wenye macho ya Nuruni. Mzee Gwakisa naye kapiga simu sasa hivi, yake pia."

"Utayawasha lini?"

Ipyana alisogea karibu. Alipiga goti, akafungua mkanda uliokuwa kiunoni mwa Sekela, akachomoa kisanduku chake na kukiweka mezani. Kilikuwa kidogo kama kopo la chai, lakini ndani yake mlikuwa na kompyuta kamili inayoendeshwa na Linux, pamoja na kadi ya picha. Kamera iliyokaa kwenye fremu ya miwani ilileta picha, kadi ikaigeuza kuwa mapigo ya umeme, na mapigo yakapita kwenye nyuzi laini zilizoshonwa nyuma ya jicho. Kwa njia hiyo Sekela, ambaye retina zake zilikufa kidogokidogo tangu usichana, alikuwa ameona tena. Alimwona mumewe Ambakisye siku ya harusi. Alimwona Tusa siku aliyozaliwa.

Kila mwezi kisanduku kilikuwa kikiomba kibali kwenye mtandao wa tiba. Kisipopata kibali, kinajizima. Na mwezi huu mtandao ulikataa vyote vyenye kerneli ya zamani, yaani ule moyo wa mfumo unaosimamia kila kitu ndani ya kompyuta.

"Nieleze polepole," Sekela alisema. "Ndugu zangu nyumbani wamepigwa butwaa, wananiuliza mimi."

"Mwaka jana kuna watu walipenya kwenye visanduku vya zamani, kule pwani. Wakawaonyesha wenye macho ngazi mahali pasipo na ngazi. Watu wakafa. Ndiyo maana Mamlaka ya Viungo Bandia ikaamuru kila kisanduku kiwe na kerneli mpya. Nimeweka kerneli mpya kwenye macho ya aina zote, yamekubali. Haya ya Nuruni hayakubali. Kiendeshi cha kadi yake, ile programu inayoiunganisha kadi na kerneli, kiliandikwa zamani, hakielewani na kerneli hii."

"Si waandike kingine?"

"Kampuni ya Nuruni ilifungwa, Mama Tusa. Hakuna wa kuandika."

"Kwa hiyo macho yangu yana kosa gani?"

"Hayana kosa. Ni ya zamani tu."

Tusa alikuwa amesimama kati yao, anaangalia midomo ya mmoja na ya mwingine. Akamshika mama yake kidevu, akakigeuza upande wake, akaanza kuongea kwa mikono haraka haraka mbele ya macho yasiyoona.

"Anasema nini?" Sekela akauliza.

Ipyana alitazama ile mikono. "Sijui," alisema.

* * *

Kiendeshi cha Nuruni kilikuwa na sehemu mbili. Ya nje ilikuwa ganda, msimbo ulio wazi ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Hilo ndilo lililozungumza na kerneli. Ya ndani ilikuwa imefungwa. Kampuni ilikuwa imeisaga ikawa namba tupu, na hakuna aliyejua inafanya nini hasa isipokuwa waandishi wake, ambao sasa wametawanyika.

Ipyana alianza na ganda. Kila alipojaribu kulijenga upya juu ya kerneli mpya, mtambo ulimtemea makosa ukurasa mzima. Jina hili halipo. Hili limebadilishwa. Hili sasa linataka vitu vitatu, umelipatia viwili. Aliyafuata moja baada ya jingine. Kazi iliyofanywa na jina la zamani aliitafuta ilikohamia, akaiandika upya, akajenga tena. Makosa yakapungua, yakawa nusu ukurasa, yakawa mistari michache. Alhamisi mchana, mvua ikigonga paa na ndege ndogo zisizo na rubani zinazoleta dawa zikitua na kuruka uani, kiendeshi kilijengwa chote bila kosa hata moja.

Alikaa akikitazama. Furaha haikumjia, kwa sababu alijua sasa amefika kwenye ukuta wenyewe.

Kadi ya Nuruni haikuamka mezani. Iliamka tu ikisikia jibu kutoka kwenye nyuzi zilizo ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kampuni iliitengeneza hivyo makusudi, ili wengine wasiige kazi yao. Kukijaribu kiendeshi kulimaanisha kukijaribu ndani ya mtu.

Alimpelekea habari hiyo Daktari Hobokela, mkuu wa kliniki, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye ndiye aliyeshona nyingi ya nyuzi zile kwa mikono yake. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Na ile sehemu iliyofungwa?"

"Siwezi kuiona ndani. Inawezekana itafanya kazi sawa. Inawezekana itapeleka umeme ovyo."

"Ovyo kiasi gani?"

"Sijui, Daktari."

"Basi hapana. Neva ya jicho ikiungua haioti tena. Leo hawa watu hawaoni, lakini neva zao ni nzima. Kesho akipatikana mwenye ufumbuzi, wataona. Tukiwaunguza, hata huo ufumbuzi ukija hauna pa kuingilia."

"Na asipopatikana?"

Daktari Hobokela alizisafisha zile miwani muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Sekela aliposikia, alikuja mwenyewe. Safari hii aliongozwa na Tusa, na alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso. Alikataa kiti.

"Daktari, unanihurumia macho. Nashukuru. Lakini sikiliza. Nimekuwa kipofu zamani, ukipofu naujua, siuogopi. Naweza kupika, naweza kufua, dukani nafika. Ninachoshindwa ni huyu. Tangu Jumatatu anaongea na mimi, sijui anasema nini. Juzi ameumwa na tumbo usiku kucha, sikujua. Alikuwa ananiambia, na mimi nampapasa tu. Baba yake yuko safarini Kongo na lori, na hata akiwepo anajua alama za kula na kulala. Huyu mtoto hana mtu mwingine wa kuongea naye duniani."

"Unaweza kuyapoteza moja kwa moja, Sekela."

"Kwani sasa ninayo?"

Daktari alimgeukia Ipyana, kama vile fundi angeweza kumsaidia kusema hapana. Ipyana akakivuta kisanduku karibu.

* * *

Walianza kwa mapigo dhaifu kabisa. Daktari alishika kipimo cha joto la neva, Ipyana akakaa mbele ya skrini, Tusa akakalishwa kwenye kiti kilichoelekeana na mama yake.

Jaribio la kwanza halikuleta kitu. La pili lilimfanya Sekela ajikunyate na kushika meza, kwa sababu mwanga mweupe ulimpiga kichwani kama kofi. Ipyana alizima. Akabadilisha mistari miwili kwenye ganda, mahali ambapo kerneli mpya ilikuwa ikigawa kumbukumbu kwa namna tofauti na ya zamani.

"Nijaribu tena?" aliuliza.

"Jaribu."

Safari ya tatu Sekela hakujikunyata. Kichwa chake kilisogea kushoto, kikarudi. Halafu akainua mikono yake na kusema kitu, na Tusa akaruka kutoka kwenye kiti, akaanza kujibu kwa kasi hivi kwamba Sekela alilazimika kumpa ishara apunguze. Mtoto akaanza upya, taratibu. Wakaongea. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua wanasema nini, ila Tusa alikuwa akitaja mambo mengi, anahesabu kwa vidole, anaonyesha tumbo, anaonyesha mlango, na mama yake anaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka.

"Inaonekanaje?" Ipyana alinong'ona.

"Inakatika. Kama mtu anayepepesa. Lakini namwona."

"Zima," Daktari Hobokela alisema.

"Daktari, bado kidogo."

"Ipyana, zima sasa."

Alizima. Mikono ya Tusa ilikuwa katikati ya sentensi.

Daktari aliwaonyesha kipimo. Mapigo hayakuwa yakienda kwa mpangilio. Yalijikusanya, yakasimama, halafu yakaja mengi kwa pamoja, na kila yalipokuja kwa pamoja neva ilipata joto. Sehemu ndogo ya kingo zake ilikuwa tayari haijibu. Haikuwa kubwa. Lakini haikuwepo tena.

"Ukiwasha kidogo kila siku," alimwambia Sekela, "utaona kidogo kila siku mpaka iishe. Ukiacha, inabaki ilivyo na tunasubiri. Mimi nakushauri usubiri."

"Tunasubiri nini, Daktari? Kuna mtu yeyote anayeitengeneza, zaidi ya huyu kaka hapa?"

Daktari alizima kipimo.

Sekela alikuwa ameshika mkono wa Tusa mapajani mwake. Alikuwa akiupapasa kidole kwa kidole, kana kwamba anatafuta kitu kilichodondoka humo.

"Nitawasha," alisema. "Mchana, muda mfupi tu. Lakini si kwa ajili ya kutazama."

* * *

Alichokuwa ametaka walikiona kesho yake. Aliwashiwa, akamwambia Tusa aseme neno moja. Tusa akasema. Sekela akalitazama, akageuzia uso ukutani, akaweka viganja vyake juu ya mikono ya mtoto na kumwomba alirudie, akalisikia kwa ngozi. Akarudisha uso kuhakikisha. Akaugeuza tena. Maji. Njaa. Inauma hapa. Nani kaja. Nimeota.

Tusa mwanzoni alichukia. Mikono yake ilizoea hewa, na sasa ilikuwa inabanwa ndani ya viganja vya mtu. Alijinyofoa, akapiga mguu chini. Sekela alimngojea huku ile nuru yake ya kukatika ikipotea bure, akamwita tena. Siku iliyofuata mtoto alielewa, akaanza kuleta maneno mwenyewe.

Ipyana alikaa kando na skrini yake. Kila kipindi, kisanduku kiliandika kumbukumbu za mapigo yote, na kila kipindi alijifunza kitu kuhusu ile sehemu iliyofungwa. Sekela aliposema "imekatika", aliweka alama. Aliposema "imerudi", aliweka alama nyingine. Alianza kuona umbo la tatizo. Ilimfanya ajisikie vibaya, na siku moja akamwambia.

"Mama Tusa, kila ukiwasha mimi napata ninachokitafuta. Sitaki uwashe kwa ajili hiyo."

"Siwashi kwa ajili yako, kaka."

"Najua. Lakini nafaidika."

"Basi faidika upesi," alisema, bila ukali wowote.

Wiki ikapita. Kingo zilizokufa ziliingia ndani, na Sekela sasa aliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ipyana alikuwa karibu kufika. Aliamini hivyo. Alihitaji siku chache, na katika siku hizo chache alitaka jicho lile libaki na kitu. Kwa hiyo Sekela alipokuja mchana huo na kuketi mahali pake, Ipyana alibonyeza vitufe visivyo na maana, akasema, "Leo imegoma. Kadi haiamki."

"Haiamki kabisa?"

"Kabisa. Pengine kesho."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Alikaa. Tusa, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa akimtazama fundi zaidi ya watu walivyodhani, alishuka kwenye kiti, akaja kusimama karibu na skrini. Aliangalia ile taa ndogo ya kisanduku, ambayo siku nyingine huwa ya kijani kisanduku kikiwashwa na leo ilikuwa haijawaka. Akarudi kwa mama yake, akaingiza mikono ndani ya viganja vyake, akamwambia.

Sekela alilisoma kwa ngozi, polepole. Akaomba alirudie.

"Anasema hujakiwasha," alisema.

Ipyana aliondoa vidole kwenye vitufe. "Nataka ubaki na kitu cha kuonea. Nikikimaliza kiendeshi, kisikute hakuna jicho. Siku chache tu, Mama Tusa. Nakuomba."

"Unajua utamaliza?"

"Nadhani."

"Unajua?"

Alitaka kusema ndiyo. Alifikiria ile sehemu iliyofungwa, na namna ilivyokwishamdanganya mara nyingi kwamba ameifahamu.

"Sijui," alisema.

"Bado hatujafika kwenye kuomba msamaha," Sekela alisema. "Kusema amekosa, kusema amekasirika, kusema anaogopa. Maneno ya chakula tumeyamaliza, lakini hayo bado. Mimi nikiwa na haya maneno, naweza kumlea. Jicho zima bila haya maneno nitalifanyia nini? Niliweke tu, nikilisubiri? Ni langu, kaka. Niwashie."

Ipyana aliangalia mlango wa ofisi ya Daktari. Ulikuwa wazi, na Daktari Hobokela alikuwa amesimama pale, amesikia yote. Hakusema awashe wala asiwashe. Ipyana aliwasha.

* * *

Ilikuwa ni saa ya ndani ya kompyuta. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lote. Kerneli ya zamani ilikuwa ikipiga mapigo ya saa bila kukoma, hata kompyuta isipokuwa na kazi, na ile sehemu iliyofungwa iliyahesabu mapigo hayo ili kujua lini ipeleke umeme kwenye jicho. Kerneli mpya, ili kutunza betri, iliinyamazisha saa kila kazi ilipopungua. Sehemu iliyofungwa ilibaki inasubiri pigo lisilokuja, halafu saa ikiamka inajikuta imechelewa, inafidia kwa kupeleka yote kwa mkupuo. Ipyana aliandika kipande kifupi ndani ya ganda, saa ya bandia iliyopiga bila kupumzika, akakielekeza kiendeshi kiisikilize hiyo.

Alimwita Sekela kwanza, kabla ya wengine wote. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kiendeshi kilipanda juu ya kerneli mpya bila lalamiko. Mtandao wa tiba ukatoa kibali. Kadi ikaamka, mapigo yakaenda sawasawa, moja, moja, moja, na kipimo cha joto hakikusogea. Skrini nzima haikuwa na hata mstari mmoja wa kosa. Ipyana alisubiri. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama vile ni yeye anayejaribiwa jicho.

"Umewasha?" Sekela aliuliza.

"Nimewasha."

Aligeuza kichwa kushoto, kulia, juu kwenye dirisha ambako jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya siku nyingi.

"Ni giza," alisema.

Daktari Hobokela aliongeza nguvu, akapima, akaongeza tena. Akafanya hivyo muda mrefu, akijua, na wao wakijua kwamba anajua. Mwishowe akaweka kipimo mezani.

"Jana kulikuwa na kitu," Ipyana alisema. "Jana aliona. Jana mchana aliona vidole."

"Jana," Daktari alisema.

Mzee Gwakisa alikuwa wa pili. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu asubuhi na fimbo yake, na kisanduku chake kilipowashwa aligeuza kichwa huku na huku, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba rangi ya ukuta imebadilishwa, zamani ilikuwa ya kijani. Kisha akaona mikono yake mwenyewe, akaanza kulia. Alimkumbatia Ipyana. Alimwita mwanangu. Alitoka kwenye korido akishukuru kila mtu, muuguzi, mlinzi, Mungu, na alipofika kwenye benchi alimkuta Sekela ameketi pale na Tusa, akamshukuru naye, hajui ni kwa lipi.

"Hongera, baba," Sekela alimwambia. "Nenda salama."

Baada ya mzee kuondoka, Ipyana alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Wengine wanaona?" Sekela aliuliza.

"Wataona wote. Kesho namalizia."

"Vizuri."

"Mama Tusa, mimi..."

"Nitolee huu mkanda. Unanibana."

Aliufungua. Alikichukua kisanduku, kikiwa bado na joto, taa yake ya kijani ikiwaka vizuri kabisa, akabaki nacho mkononi. Tusa aliteremka kwenye benchi, akasimama mbele ya fundi, akasema kitu kwa mikono. Kilikuwa kirefu. Alimwonyesha mama yake, akamwonyesha yeye, akakunja ngumi na kuisugua kifuani mara mbili, akafungua vidole. Kisha akangoja jibu, macho yake makubwa yamemkazia.

"Mama Tusa," Ipyana alisema, "ananiambia kitu."

"Simwoni, kaka," Sekela alisema. "Mpe mikono yako, ndivyo nilivyojifunza mimi."

Ipyana alikiweka kisanduku sakafuni. Akanyoosha viganja, na mtoto akaingiza mikono yake midogo ndani yake, akayarudia yote tangu mwanzo. Ipyana alisikia mifupa ya vidole ikigeuka, kidole gumba kikipanda, ngumi ikisugua. Hakuelewa hata neno moja. Tusa alimtazama usoni, akaona hajaelewa, akayarudia tena, safari hii polepole zaidi.